Kifaransa Kilichobaki

Watu walimwita Fundi, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo. Alikuwa anashona sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, na majora ya kitambaa cha bluu na cha kijivu yamesimamishwa kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Wazazi waliingia wakiwavuta watoto kwa mikono, naye akawapima mabega na viuno, akawashauri mama zao waache pindo refu kidogo, maana mtoto wa umri ule unampima leo, kesho kutwa suruali imepanda juu ya vifundo vya miguu.

Mumewe alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika sekondari ya jirani. Wanafunzi walimwita Msiyee, yaani bwana, kwa namna yao ya kulitamka neno hilo la Kifaransa, na jina likamganda mpaka kwa muuza magazeti na kinyozi. Alikuwa mtu wa maringo kidogo. Kila siku tai, kila siku viatu vinavyong'aa, na shati ambalo Fundi alilipiga pasi mpaka kola ikasimama wima. Darasani alisifika kwa ukali wa matamshi. Ukikosea neno, anakusimamisha, anakuonyesha midomo yake inavyofanya, na hukai mpaka midomo yako imefanya vivyo hivyo.

Hawakujaliwa mtoto. Wao wenyewe jambo hilo walikuwa wameliacha lilale. Aliyeliamsha kila alipokuja kuwatembelea ni dada mkubwa wa Msiyee, wifi yake Fundi, ambaye hakusema lolote waziwazi, ila hakuweza kuona nguo ya mtoto juu ya meza ya kukatia bila kuvuta pumzi ndefu. Fundi alimpikia, akamtandikia kitanda, akamsindikiza hadi stendi, na roho yake ikatulia tu basi lilipoondoka.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Msiyee mwenyewe hakulijua. Siku za mwanzo za ndoa yao, Fundi alimwomba mumewe amfundishe Kifaransa. Akafundishwa salamu na maneno ya kumkaribisha mgeni. Basi walimu wenzake Msiyee wakaja kula chakula cha mchana, Fundi akatoka jikoni na jagi la maji, akawakaribisha kwa Kifaransa. Mezani wakacheka. Msiyee naye akacheka, kisha akamwambia arudie, mdomo aufanye hivi. Akarudia. Wakacheka tena. Kwa mwalimu yule, kumsahihisha mtu na kucheka kidogo ilikuwa kazi ya kila siku, na hata hakukumbuka kwamba amefanya lolote. Fundi aliweka jagi mezani, akarudi jikoni, akasimama akiyatazama masufuria mpaka uso ulipopoa. Tangu hapo Kifaransa kikawa kitu cha kazini kwa mumewe, kama chaki na rejista, hakiingii ndani ya nyumba.

Wakazeeka hivyo, kwa amani. Msiyee alikuwa amebakiza kipindi kifupi astaafu pale alipoanguka mbele ya darasa, chaki mkononi. Mlinzi wa shule ndiye aliyekuja kumwita Fundi. Alimkuta anatengeneza vishimo vya vifungo, na Fundi akatoka mbio na utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni. Aliukuta hapo shingoni jioni, hospitalini, alipotaka kujikuna.

Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta, na upande mmoja wa uso ukashuka. Msiyee alipopata nafuu akafungua kinywa, halikutoka hata neno moja la Kiswahili. Kilitoka Kifaransa. Daktari alimweleza Fundi kwa upole kwamba ugonjwa ule ukigusa sehemu ya ubongo inayoshika maneno, mtu mwenye lugha mbili anaweza kupoteza moja na nyingine ikabaki kipande. Kwamba mgonjwa anawaelewa kwa mbali, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, ila kujibu ndiko kunakomshinda. Fundi akauliza kama Kiswahili kitarudi. Daktari akasema wasubiri waone.

Wakarudi nyumbani. Fundi alihamishia kitanda katika chumba cha mbele, karibu na cherehani, ili amwone mgonjwa huku anafanya kazi. Na hapo ndipo taabu ilipoanza. Msiyee alikuwa akimwita kwa mkono wa kushoto, anamtazama machoni, anasema neno lililoanza na kitu kama "juve". Juve hivi, juve vile. Fundi akafikiri sana, mwisho akajiambia mtu huyu anataka juisi. Akanunua matunda, akakamua, akamnywesha. Msiyee alikunywa. Akisema tena, anakamuliwa tena. Alikunywa juisi asubuhi, mchana na jioni, kwa uvumilivu wa mtu asiye na namna nyingine, na wakati mwingine alimtazama mkewe juu ya kingo ya bilauri kwa macho ambayo Fundi hakuweza kuyasoma.

Wifi akaja kusaidia uuguzi. Alimpenda sana kaka yake, wala hilo hakuna aliyelitilia shaka. Alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, na alilisema hilo kwa kila aliyeingia. Alipomsikia akizungumza, alishika kifua, akasema kaka yake anasemeshwa na vitu visivyoonekana, na kwamba nyumba yenye watu wengi isingeingiliwa namna hii. Fundi akaendelea kukanyaga cherehani.

Aliyekuja kuwafungua macho ni mwalimu wa kike aliyeshika darasa la Msiyee. Msiyee alimfundisha tangu akiwa mwanafunzi, na sasa wanafunzi walimwita Madam. Alikuja na mfuko wa machungwa, akaketi kando ya kitanda, na Msiyee akamwambia kitu. Madam akamjibu kwa Kifaransa. Uso wa mgonjwa, ule upande uliobaki hai, ukafunguka, kisha machozi yakamtoka.

Fundi alisimamisha cherehani. "Amesema nini, mwanangu?"

"Amesema anakwenda kulala, mama. Amechoka."

"Na hiyo juve?"

Madam akamweleza kwamba ni maneno mawili, "je vais", maana yake mimi ninakwenda. Ninakwenda kulala, ninakwenda kula, ninakwenda kugeuka upande wa pili. Fundi akayatazama machungwa kwenye mfuko, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, akamwambia Madam habari ya juisi. Msiyee naye pale kitandani, bila kujua wanacheka nini, au labda akijua, akacheka nao.

Baadaye, wakiwa uani, Madam alimwambia jambo ambalo lilimkaa Fundi kichwani. Siku ile Msiyee alipoanguka, somo lililokuwa ubaoni lilikuwa wakati ujao wa karibu. Wafaransa, alisema, wana wakati ujao wa mbali, na wana huu wa karibu, wa jambo ambalo mtu yuko mbioni kulifanya. Na sasa kila sentensi ya Msiyee ilikuwa ya wakati huo. Daktari, walipomuuliza, hakuweza kusema kama somo la siku ile ndiyo sababu. Lakini ndicho Kifaransa kilichobaki.

Fundi alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Madam alipokuja tena, alimwomba amfundishe. Haikuwa rahisi kulitamka ombi lile. Mara ya mwisho alipoliomba alikuwa msichana, na jibu lake alikuwa bado anatembea nalo. Alipiga moyo konde. Wakaketi kwenye meza ya kukatia, na kwa kuwa hapakuwa na ubao, Madam akachukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya kipande cha kitambaa cha bluu: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Akamweleza kwamba hapo mbele kinakaa kitenzi cha kwenda, nacho ndicho kinachobadilika kufuatana na mtu. Kitenzi cha pili unakiweka nyuma yake kama kilivyozaliwa, hukigusi.

"Kama mfuko wa shati," Fundi akasema. "Shati unalikata kwa saizi ya mtu, mfuko unaupachika uleule."

"Ndivyo hasa, mama."

"Na huyu 'allons' katokea wapi? Hafanani na ndugu zake."

Madam akasema kitenzi cha kwenda katika Kifaransa ni mtoto wa mama mmoja na baba wengi. Fundi akacheka, na wifi akaguna kule kando ya kitanda. Lakini somo lilimwingia haraka kuliko alivyotarajia, kwa sababu lugha yake mwenyewe ilikuwa na njia hiyo hiyo: nakwenda kulala, tunakwenda kula. Kilichokuwa kigumu ni midomo.

Alichagua mchana mmoja wifi alipokuwa amelala. Alijaza bilauri maji, akaketi kando ya mumewe, akasema polepole, "Tu vas boire?"

Msiyee alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyesikia anaitwa na sauti aliyoisahau. Halafu akasema, "Je vais boire," akanywa maji yote, akaushika mkono wa mkewe kwa ule wake mzima, na hakuuachia hata mteja alipobisha hodi mlangoni. Mteja akapimiwa mwanawe siku nyingine.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, kwa kadiri siku za mgonjwa zinavyoweza kuwa nzuri. Fundi alijua sasa mtu wake anakwenda kula au anakwenda kulala. Msiyee alitazama dirishani, akasema "il va pleuvoir", na Fundi akatoka kuanua nguo kabla ya mvua, akirudi anamwambia wifi, kwa fahari aliyoificha vibaya, kwamba mwalimu katabiri. Alasiri alimwambia mumewe "nous allons sortir", akamshika kwapani, wakatoka hatua kwa hatua mpaka kwenye kiti kilichokuwa barazani, wakaketi wakitazama wapita njia. Aliwasikia watu wakisema Msiyee kapata nafuu. Hakuwa amepata nafuu. Alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye.

Ila mazungumzo yenyewe yalikuwa na ukuta. Yote yalikuwa ya kitu kinachokaribia kutokea. Ya jana hayakuwepo. Fundi alikuwa na mengi ya kumuuliza mumewe, mambo ya miaka waliyokaa pamoja kimya kimya, na zaidi ya yote alitaka kujua kama anaikumbuka siku ya jagi la maji. Alimwomba Madam amfundishe wakati uliopita. Madam akajaribu kwanza na Msiyee mwenyewe, akamuuliza kitu cha zamani, cha siku zao za shule. Msiyee akafungua kinywa. Shingo ikamtutumka, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na hakuna kilichotoka. Fundi akamwambia Madam aache, anamtesa bure.

Siku ya mwisho ilikuwa siku ya kawaida. Kulikuwa na mteja, baba mmoja aliyefuata kaptula za wanawe, na wifi alikuwa anapanga vifungo kwenye kopo. Fundi alitaka kumwambia mumewe kwamba kesho yake wanakwenda hospitali kwa mazoezi ya mkono. Akili ilikuwa kwenye pasi, akasema "nous va". Msiyee akainua kidole cha shahada, kile cha kushoto, kama alivyokuwa akifanya darasani.

"Allons," akasema.

Fundi akarudia. Halikutoka sawasawa. Msiyee akatikisa kichwa, akajionyesha mdomo, na upande ule mmoja wa uso ukavutika kwa tabasamu. Baba wa kaptula akacheka, wala si kwa ubaya. Aliona mwalimu mgonjwa anafundisha, akafurahi. Lakini Fundi alisikia meza nzima ya walimu. Akaweka pasi chini.

"Nicheke tu, mwalimu," akasema kwa Kiswahili. "Ulinicheka nikiwa msichana, sasa nicheke uzeeni."

Akamfungia mteja kaptula zake, akachukua mkoba, akamwambia wifi anakwenda kununua nyuzi. Msiyee akasema kitu nyuma yake. Hakugeuka.

Duka la nyuzi halikuwa mbali. Alinunua alichohitaji na alichokuwa hahitaji, kisha akaketi kwenye benchi la muuzaji, wakazungumza habari za vifungo vya siku hizi vinavyovunjika kabla ya kufuliwa. Alikuwa anaingoja hasira ishuke, na ilishuka, kidogo kidogo. Akaanza kumwona mumewe kama alivyokuwa hasa, si kijana wa mezani: mzee mwenye nusu ya uso, ambaye katika kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimebaki kile kidole na lile somo, na alikuwa amempa yeye. Akafikiri kwamba labda hata lile halikuwa tabasamu la dhihaka. Uso ule ulivutika wenyewe mara nyingi. Nyuzi zilikuwa tayari kwenye mkoba. Bado akakaa kidogo, kwa sababu ya aibu, maana hakujua ataingia na uso gani.

Alipofika kwenye kona ya mtaa wao aliona majirani wamesimama mlangoni kwake, na akajua. Kiharusi cha pili hakikumpa Msiyee nafasi. Alikuwa amekwisha kata kauli.

Alizikwa na watu wengi. Wanafunzi walisimama mistari kwa mistari wakiwa na sare, na Fundi, akiwa amekaa katikati ya wanawake, alijikuta anatazama mishono yake, mgongo mmoja baada ya mwingine, ili asitazame kule walikokuwa wanatazama wengine. Mkuu wa shule alimsifu marehemu kwa ukali wa matamshi. Madam hakuweza kumaliza aliyotaka kusema.

Watu wakatawanyika, wifi akabaki. Walikaa ndani ya nyumba moja kama wapangaji. Wifi alifagia, Fundi alipika, na maneno kati yao yalikuwa ya chumvi na maji tu. Fundi alidhani ni yale ya siku zote. Kisha asubuhi moja, alipokuwa anakata kitambaa, wifi akaja akasimama upande wa pili wa meza.

"Wifi, kuna kitu kinanikalia kooni."

Fundi akamwambia aketi. Hakuketi. Alisema kwamba siku ile, Fundi alipotoka, kaka yake hakutulia. Alitazama mlango. Wifi akamuuliza kama anataka maji, akakataa kwa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akasema neno. Akalisema tena. Alikuwa akilisema polepole, kama anamfundisha, na wifi, asiyejua la kufanya, akamjibu ndiyo, kaka, ndiyo. Mpaka pumzi yake ya mwisho, neno lilikuwa ni hilo hilo.

"Lilisikikaje?"

"Siwezi kulisema vizuri." Wifi alikunja uso, akajaribu. "Elvavuni. Kitu kama hicho. Elvavuni."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Fundi alilirudia neno chini chini, akalikata mahali panapokatika, akaiweka midomo kama alivyofundishwa. Elle. Va. Venir.

"Ni tusi?" wifi akauliza. "Mimi nilijua anakulaani kwa kumtupa. Alivyokuwa akionyesha ule mlango. Nikakuwekea kinyongo tangu siku ile, na leo nimechoka kukibeba."

"Si tusi."

"Basi ni nini?"

Fundi alitaka kulibakiza kwake. Kwa muda mfupi alitaka pia kumpa wifi kitu kingine, kitu kizuri cha dada aliyembeba mtu mgongoni. Lakini yule alikuwa amelibeba neno lile asilolijua siku zote zile bila kulidondosha, akalifikisha.

"Alikuwa anakuambia, anakuja. Mwanamke huyo, anakuja sasa hivi."

"Nani?"

"Mimi."

Wifi akaketi hapo. Fundi akamweleza basi, bila kuulizwa, kwamba dukani alimaliza mapema, kwamba nyuzi zilikuwa kwenye mkoba, na kwamba alikaa tu. Aliyasema yote akitazama kitambaa. Alitarajia kile ambacho wifi alikuwa na haki ya kukisema.

"Lakini ulikuwa unakuja," wifi akasema.

"Nilikuwa nakuja."

Walilia, kila mmoja upande wake wa meza, mpaka mzazi mmoja akabisha hodi na mtoto wake, na Fundi akajifuta uso kwa upande wa nyuma wa mkono, akautafuta utepe.

Wifi alikaa mpaka shule zilipofunguliwa, akisaidia kushona vifungo, kisha akarudi kwake. Na siku hizi anapiga simu, wakati mwingine bila habari yoyote. Madam alipouliza kama waendelee na masomo, Fundi alimshukuru, akasema hapana, mwanangu, inatosha. Kazi haijapungua. Watoto wanakua, sare zinafupika. Ila nyuzi anazinunua mbali, upande wa pili wa mji, safari ya kutwa nzima, na yule muuzaji wa karibu amekuwa akiwauliza watu alimkosea nini Fundi hata akamhama.